Msimlaumu Abiria wa Kibondo

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 16 Machi 2020, na tangu hapo limejengeka wazo ambalo leo husemwa kwenye semina, redioni na maofisini kana kwamba halidai ushahidi. Wazo lenyewe ni kwamba janga linapoingia nchini, kila mtu hupima hatari na kuamua asafiri au abaki nyumbani. Mwenye akili hubaki. Anayepanda basi siku hizo ama hajaelimika, ama ni mkaidi, ama amepotoshwa na wanasiasa. Likifika kwenye nyanda za juu za Kigoma, wazo hili huongezwa chumvi: watu wa Kibondo na Kasulu hawakujali, mabasi yao ya kwenda Mwanza, Kahama na Dar es Salaam yaliendelea kubeba vichwa kama kawaida, kwa hiyo dawa ni elimu kwa umma. Wazo hilo ninalipinga. Safari ya ndani wakati wa janga, kwa wakazi wengi wa wilaya hizi, haikuwa uamuzi wa mtu mmoja anayepima hatari yake mwenyewe. Ilikuwa hitaji la kaya nzima, na hitaji halifutiki kwa sababu kuna ugonjwa. Kilichokuwa mikononi mwa abiria ni namna ya kusafiri: nani aende, lini, kwa chombo gani, na kama pesa au mzigo unaweza kwenda badala ya mtu. Hapo ndipo pangewezekana kupunguza maambukizi, na hapo ndipo wenye mamlaka hawakupatazama, au walipofika wakafanya mambo kuwa magumu zaidi.

Wazo ninalolipinga lina kwao, na kwao si Kigoma. Aprili 2020 abiria wa treni za chini ya ardhi jijini London walipungua kwa takriban asilimia 95. Katika nchi tajiri ikaandikwa kwamba watu wameyakimbia mabasi na kuhamia magari binafsi na baiskeli, na kwamba waliporuhusiwa kupumua kidogo walichagua mapumziko ya karibu na nyumbani. Kwa huko ni kweli. Lakini kinachosahaulika ni nani aliyegharamia kubaki nyumbani. Serikali ya Uingereza ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, kwa kikomo cha pauni 2,500 kwa mwezi. Kazi nyingi za ofisini zilihamia kwenye kompyuta sebuleni, na chakula kikaletwa mlangoni. Kubaki nyumbani kulinunuliwa, na aliyenunua ni serikali. Hata hukohuko, wafagizi, wauguzi na wauza maduka waliendelea kupanda mabasi ya alfajiri, kwa sababu kazi yao haifanyiki kwa kompyuta. Sisi tulichukua nusu ya hadithi. Tulipoona watalii wa kimataifa wameshuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, tukaanza kuzungumzia safari za ndani kana kwamba ni utalii wa ndani tu: Mtanzania achague hifadhi gani, alale hoteli gani. Gombe na Mahale zote ziko mkoani Kigoma, lakini anayetoka Kibondo kwenda Kigoma mjini siku ya Jumatatu haendi kutazama sokwe.

Tuzitazame basi safari zenyewe, maana anayelaumu safari asiyoijua analaumu hewa. Ya kwanza ni ya mgonjwa. Kibondo ina hospitali ya wilaya, na Kasulu ina Hospitali ya Kabanga, ila jambo likizidi, rufaa ni Maweni mjini Kigoma au Bugando jijini Mwanza. Mgonjwa wa rufaa haendi peke yake. Kwenye hospitali zetu ndugu ndiye anayeleta uji, anayefua mashuka, anayekimbilia duka la dawa, anayechangia damu. Rufaa moja ni safari ya watu wawili au watatu, na baada ya wiki atakuja mwingine kupokea zamu. Ya pili ni ya kibarua. Vijana wa nyanda hizi huenda kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua na kwenye machimbo ya Geita na Kahama, wakifuata msimu, kwa sababu ardhi ya nyumbani imegawanywa mpaka haigawanyiki tena. Ya tatu ni ya mazao: maharage, mahindi, muhogo na tangawizi hushuka sokoni na mtu wake, kwa kuwa mchuuzi asiyesimama kwenye mizani atapunjwa. Ya nne ni ya mwanafunzi. Ya tano ni ya msiba, na hii ndiyo inayochekwa zaidi na watu wa semina. Lakini ukoo ndiyo bima pekee ya mkulima wa Heru Juu au wa Kifura. Ukoo ndio utakaomchangia nauli ya Bugando, ndio utakaomlelea watoto akifa. Anayekosekana kwenye msiba wa mjomba wake hahesabiwi kuwa amepima hatari. Anahesabiwa kuwa amejitoa. Kumwambia aahirishe safari hiyo ni kumwambia aache kulipia bima yake mwaka ambao ataihitaji kuliko miaka yote.

Katika safari hizo tano, ni ipi ambayo abiria aliiamua mwenyewe kama anavyochagua shati? Ile ya mwanafunzi ndiyo inayofichua udhaifu wa wazo hili kuliko zote. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari, na siku iliyofuata vyuo vikafuata. Uamuzi ulikuwa na sababu zake, na mimi siupingi. Lakini matokeo yake ya kwanza yalikuwa kuwatoa mabwenini maelfu ya vijana nchi nzima kwa wakati mmoja na kuwapandisha kwenye mabasi ya kurudi kwao, wengine wakivuka mikoa kadhaa kutoka Morogoro au Dodoma hadi Kasulu. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29 Juni, na msafara ukageuka kwa namna ileile. Hakuna mwanafunzi aliyechagua. Kisha kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba 27 ikaja kampeni ya uchaguzi mkuu, na kila chama kikataka viwanja vyake vifurike. Serikali na vyama vilipohitaji watu wasafiri, walisafiri, na hakuna aliyesema hawajaelimika. Lawama ilibaki kwa yule aliyesafiri kwa sababu zake mwenyewe.

Lakini kusema kwamba safari haikufutika si kusema kwamba haikuweza kubadilika, na hapa nataka nionyeshe kwa karibu kile kinachopuuzwa. Nenda stendi yoyote ya Kasulu kabla basi halijaondoka, utazame tumbo la gari likipakiwa. Kuna viroba vya maharage vimeshonwa mdomo kwa kamba ya katani, vimeandikwa kwa maki peni jina la mpokeaji, namba yake ya simu na mahali atakapovipokelea: Kahama, Nyegezi, Mbezi. Mwenye kiroba hapandi. Anampa konda pesa ya mzigo, anapiga simu upande wa pili, anarudi shambani. Vivyo hivyo pesa. Mtoto aliyeko Mwanza hutuma ya dawa kwa simu, na mama hutoa kwa wakala pale mtaani. Kila kiroba kinachosafiri peke yake na kila shilingi inayopita kwenye simu ni kiti kimoja kilichobaki kitupu ndani ya basi. Watu hawa walikuwa na mbinu ya kubaki nyumbani kabla korona haijapata jina. Mwenye busara angetazama mbinu hiyo, akaifanya iwe rahisi zaidi, hata bure, kwa muda wote wa janga.

Tulichofanya ni kinyume chake. Mwishoni mwa Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliliambia taifa kuwa wimbi la tatu limefika. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo, wimbi likiwa linapanda, zikaanza kutozwa tozo mpya kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Kelele zilikuwa kubwa, na baada ya wiki kadhaa serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Tozo hizo zilijadiliwa sana kama suala la uchumi na la haki. Sikusikia zikijadiliwa kama suala la afya, na hilo ndilo kosa. Mwezi ambao tulitaka pesa isafiri badala ya mtu, tulipandisha nauli ya pesa. Mtu wa Kibondo aliyepiga hesabu akaona ni nafuu kumpa binamu aliyekuwa akisafiri azibebe mfukoni, au aende mwenyewe amalize na mambo mengine, hakuwa mjinga wa mambo ya virusi. Alisoma bei, na bei ilimwambia panda basi.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, maana ugonjwa wa mfumo wa hewa huambukizwa mahali, na mahali pa msafiri ni ndani ya gari. Ushauri uliorudiwa kuliko wote kwa abiria ulikuwa kufungua madirisha hewa ipite. Ni ushauri mzuri, na kufikia mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kukiri wazi kwamba virusi hivi hukaa hewani kwenye vyumba vilivyofungwa. Lakini mwaka 2021 sehemu kubwa ya barabara kati ya Kasulu na Kibondo ilikuwa bado ya vumbi, na wimbi la tatu lilikuja katikati ya kiangazi. Wanaoijua njia ile wanajua maana yake. Lori likipishana na basi, wingu jekundu hupanda juu kuliko paa, na hapo mkono wa kila aliyekaa dirishani hurukia kioo kukisukuma kifungike. Anayechelewa hukemewa na gari zima. Watoto hufunikwa kanga usoni. Nyusi na kope hugeuka rangi ya tofali, na vioo hubaki vimefungwa kwa sababu lori jingine liko mbele. Mvua zikija, vioo hufungwa kwa sababu ya mvua. Abiria wa njia hiyo alikuwa na uchaguzi mmoja tu wa kweli, vumbi la sasa hivi au virusi vya kesho, na yeyote anayedhani elimu ingemfanya achague vumbi kwa saa tano hajawahi kulimeza. Ndiyo maana nasema mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni mradi wa afya pia. Kilomita moja ya lami inafungua madirisha mengi kuliko mabango elfu.

Hayo ni ya barabara. Kuna na ya sheria. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliagiza abiria wote waketi, kila mtu kwenye kiti chake, almaarufu level seat. Agizo lilikuwa sahihi, lakini halikuambatana na senti moja. Mwenye gari dogo anayetegemea abiria wa kusimama ili apate ya mafuta ana njia mbili: apandishe nauli kinyemela, au azidishe abiria akishavuka kituo cha polisi. Kwenye njia za ndani, kutoka barabara kuu kwenda vijijini, hata basi hakuna. Kuna Noah, Probox na bodaboda, ambapo watu hupakatana na pikipiki moja kupiga mshikaki wa watatu. Agizo la kiti haliwezi kufika mahali ambapo hakuna kiti. Na kwa safari ndefu, kumbuka kwamba hadi Oktoba 2023 mabasi yalikatazwa kukimbia usiku wa manane. Kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo gari lililochelewa njiani lilisimamishwa na abiria wakalala vitini hadi alfajiri, wamebanana, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi na wezi. Katazo lile liliwekwa kwa ajili ya ajali, na lilikuwa na hoja yake. Lakini katika miaka ya janga liliongeza saa ambazo watu walivuta pumzi moja, na hakuna aliyefikiria kulilegeza. Kwa kila hatua, mambo yaliyoamua hatari ya msafiri yalikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Nyanda hizi zina kumbukumbu ya miaka mingi ya jinsi serikali inavyozitazama safari zao wakati wa maradhi. Mwaka 1933 utawala wa Waingereza ulianza kuwahamisha watu wa Buha, nchi ya Waha, Kibondo ikiwemo, kwa sababu ya malale, na kuwakusanya kwenye makazi mapya yaliyofyekwa pori. Hoja ilikuwa ya kitabibu: mtu anayetangatanga kati ya mapori hukutana na mbung'o, basi mtu huyo adhibitiwe. Wakaacha mashamba, makaburi na njia zao. Mtafiti Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya ikolojia na uchumi wa eneo hili la Afrika, alieleza kwamba makazi na kilimo cha watu ndivyo vilivyokuwa vikimzuia mbung'o, na kwamba watu wakiondoka pori hurudi, na mbung'o hurudi nalo. Pamoja na hayo, utawala uleule uliomwona Muha anayekwenda kwa shemeji yake kuwa ni hatari kwa afya ya umma haukuwa na tatizo naye alipopakiwa kwenda mashamba ya mkonge mashariki mwa nchi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua, na Waha wakawa miongoni mwa waliofuatwa. Safari ya kumtumikia mwajiri iliitwa maendeleo. Safari ya kumtumikia ndugu iliitwa uzururaji. Mgawanyo huo wa safari njema na safari mbaya ndio ninaouona ukirudi kila tunapomlaumu anayekwenda msibani huku malori ya mizigo na misafara ya kampeni ikipita bila swali.

Yupo atakayesema: basi shida yetu ni kwamba hatukuwa wakali, tungefunga barabara kama majirani. Tuwatazame majirani. Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi kuanzia tarehe 6 Aprili 2020, na Mombasa, Kilifi na Kwale siku chache baadaye, huku Nairobi na Mombasa zikibaki zimefungwa hadi Julai. Mwezi huohuo wa Aprili ikatangazwa habari ya watu waliotoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza tupu, wakijifanya wanakwenda kuzika. Wengi walicheka. Mimi naona ni ushahidi mzito. Watu hawa walijua kuna ugonjwa, walijua kuna sheria, walijua msiba ndio mlango uliobaki wazi, wakagharamia hadi sanduku. Hapo hapakosekani elimu. Uganda ilikwenda mbali zaidi: tarehe 25 Machi ilisimamisha usafiri wa abiria, na baada ya siku chache hata magari binafsi, na mgonjwa akahitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Wajawazito wakatembea kwa miguu usiku, wengine wakapoteza maisha au watoto, hadi Rais Museveni akaondoa sharti la kibali kwao mwezi uliofuata. Kufunga barabara kulipunguza magari, hilo sibishi. Lakini hakukuondoa uchungu wa uzazi, njaa wala msiba. Kulivihamishia vichochoroni, ambako hakuna kiti, hakuna dirisha na hakuna wa kupima joto.

Kama bado kuna anayeamini kwamba mtu anaweza tu kuamua kutosafiri, na akumbuke kambi za Nduta, hapohapo Kibondo, na Nyarugusu, Kasulu. Kwenye kambi hizi wakimbizi wa Burundi na Kongo hawakuruhusiwa kutoka bila kibali, na sheria hiyo ilikuwapo miaka mingi kabla ya korona. Ili watu hao waweze kukaa mahali pamoja ilibidi Mpango wa Chakula Duniani ulete chakula kwa malori, maji yavutwe kwa mabomba hadi kwenye vituo vya pamoja, zahanati na shule zijengwe ndani ya uzio. Huo ndio utaratibu kamili wa kubaki nyumbani, na ndiyo gharama yake. Na mgao ulipopunguzwa, kama ulivyopunguzwa mara kadhaa, watu walichoropoka kutafuta kuni na vibarua ijapokuwa walijua wakikamatwa kitakachowapata. Mkulima wa kijiji jirani hana lori linalomletea chochote. Kumtaka atulie kama aliyeko kambini, bila hata kilo moja ya unga, ni kumdai kile ambacho hata kambi yenye msaada wa dunia nzima haikukiweza.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee. Inasemwa: hoja yako inampa kibali kijana wa Kahama aje kumwambukiza bibi yake Kasulu. Sivyo. Kijana yule anakuja, upende usipende, kwa sababu bibi ndiye anayemlelea watoto na shamba lake linahitaji mikono. Swali ni amekuja kwa gari la namna gani, amekaa saa ngapi, na amejua nini kabla ya kuondoka. Na kuhusu kujua, lawama ina mwenyewe. Takwimu za mwisho za nchi zilitolewa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020, kisha kwa zaidi ya mwaka mzima hapakuwa na namba. Mficha maradhi kilio humuumbua. Huwezi kumnyima mtu habari ya hatari, halafu ukamshtaki kwa kutoipima. Wapo pia watakaotaja harusi, kipaimara na sherehe ambazo zingeweza kusubiri. Ni kweli zilikuwapo, na hizo kweli zilikuwa za hiari. Lakini harusi huzuiwa ukumbini kwa amri ya idadi ya waalikwa; haihitaji kuzuia basi lililombeba mgonjwa wa rufaa. Na sikatai elimu. Nakataa elimu inayotolewa badala ya huduma, ambapo bango la kunawa mikono linatundikwa pasipo na bomba.

Tunajua kufanya vizuri zaidi, kwa sababu tumekwisha kufanya. Januari 2025 virusi vya Marburg viligundulika Biharamulo, wilaya ambamo iko njiapanda ya Nyakanazi, mlango wa kaskazini wa kila basi la Kibondo. Tulianza vibaya, kwa kukanusha, lakini tarehe 20 Januari Rais alitangaza ukweli akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Waliougua, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walikuwa kumi, na wote walifariki. Shirika hilo lilishauri safari na biashara zisizuiwe. Kazi ikawa kufuatilia waliokaribiana na wagonjwa, na tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha. Marburg si korona. Haienei kwa pumzi. Hata hivyo somo ni kwamba palisemwa ukweli, kazi ikafanyika pale ugonjwa ulipo, na hakuna aliyehitaji kuwaita wasafiri wajinga. Vivyo hivyo zile shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19, yaani korona, uliozinduliwa Oktoba 2021, zilizojenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini, vikiwemo vya shule shikizi. Darasa likisogea kijijini, mtoto hatembei mbali. Hiyo ndiyo sera ya safari yenye akili: isogeze sababu ya safari, na safari itapungua yenyewe.

Kwa hiyo janga lijalo, na litakuja, wakuu wa Mkoa wa Kigoma na wizara zao waanze na mambo yaliyo mikononi mwao. Tozo na makato ya kutuma pesa kwa simu yafutwe siku janga linapotangazwa, na yasirudi hadi liishe. Agizo la level seat liende na fidia ya mafuta au msamaha wa ada kwa mwenye gari, la sivyo lisitolewe. Shule zikifungwa, zifungwe kwa kanda na kwa siku tofauti, ili Kasulu yote isishuke stendi jioni moja. Rufaa ya Maweni na Bugando ipewe gari la hospitali na pa kulala ndugu mmoja, ili wasisafiri watatu. Takwimu zisomwe stendi na mnadani kila wiki, kwa Kiswahili na kwa Kiha, bila kupunguzwa. Na lami ya Kasulu na Kibondo itunzwe, vumbi lisirudi. Mambo hayo yakishafanyika, na basi bado likaondoka Kibondo limejaa watu wasio na sababu ya kusafiri, nitakuwa wa kwanza kukubali kwamba abiria ana lake la kujibu. Hadi sasa hajaulizwa chochote ambacho wakubwa wake hawakupaswa kujibu kwanza.